Misumari ilikuwa yangu, ukuta haukuwa wangu

Punda alikuwa amesimama uchochoroni, godoro langu limeshafungwa mgongoni, mwenye nyumba aliponiita ndani. Ilikuwa Juni 2019, masika yamekatika, kusi limeshika. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini katika nyumba yake ya Langoni, Lamu, kwa miaka miwili, na kodi sikuichelewesha hata mwezi mmoja. Akanyoosha kidole ukutani.

"Mwanangu, hapa nitakata elfu sita na mia tano. Umeniharibia ukuta."

Dipoziti yangu yote ilikuwa elfu nane.

Matundu ya misumari yalikuwa matano: manne ya chandarua, moja la kalenda. Hayo niliyakubali palepale, nimeyatoboa kwa mkono wangu. Lakini yeye alikuwa akionyesha chini, karibu na sakafu, ambapo lipu ilikuwa imevimba na kubanduka kipande cha upana wa sinia ya pilau. Kitanda kimegonga, akasema. "Mama, kitanda hakikufika hapo." Kila mmoja akashikilia lake, sauti zikapanda, na hilo linaniuma hadi leo, maana ni mama huyohuyo aliyenipikia uji nilipougua malaria.

Nikaenda kumwita ami mmoja jirani, fundi mwashi wa siku nyingi. Hakuuliza nani ana haki. Alichuchumaa, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa lipu, ukatoka na unga mweupe.

"Onja."

Nikaonja. Chumvi tupu. Akagonga juu kidogo kwa kifundo cha kidole, pakalia kama mtungi usio na maji. Akabandua bonge: nje simiti ngumu kama kigae, ndani jiwe la matumbawe, limelowa.

"Bi mkubwa, nyumba hii ilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Jiwe hili hunyonya maji ya ardhini, na chokaa huyaacha yakatoka. Simiti hii nani aliipiga?"

Ni marehemu mumewe, miaka mingi kabla sijafika. Alidhani anaiimarisha nyumba. Maji yakakosa pa kutokea, chumvi ikaganda nyuma ya simiti na kuisukuma kidogo kidogo mpaka ikaachia. Hata chumba kingekaa kitupu miaka yote hiyo, lipu ingeanguka vilevile. Kunitoza hilo kulikuwa ni kunilipisha maji ya ardhini.

Baadaye nilisoma Sheria ya Ardhi ya 2012: mpangaji habebeshwi uchakavu wa kawaida, na anayepangisha sehemu tu ya nyumba ndiye mwenye mzigo wa paa na kuta kuu. Siku ile sikuyajua hayo. Nilichokuwa nacho ni ile chumvi ulimini.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akafungua fundo la pembe ya leso yake, akanihesabia elfu saba na mia tano.

"Mia tano ya matundu," akasema.

"Ni haki yako, mama."

Wiki iliyofuata nilipita pale nikamkuta ami na ndoo ya chokaa. Alikuwa ameshaibandua simiti yote hadi usawa wa kiuno, na mama ameketi kizingitini akimmiminia kahawa.