Nilivyowapanga upya watu wangu wa karibu kwa kuwasoma Wastoa

Ushauri kuhusu marafiki umejaa kila kona na mwingi unafanana, eti kata watu wote hasi, tafuta waliokuzidi hela, kaa na washindi tu, basi utatoboa. Mimi sikuufuata huo, na sio kwamba najifanya mjuaji, ni kwamba kipindi hili jambo linaanza kunisumbua kichwani nilikuwa tayari nawasoma Wastoa na wale wazee wana namna yao ya kuliangalia, ni ngumu zaidi halafu ina utu zaidi. Nimeona niandike tu nilivyofanya, anayetaka achukue kinachomfaa.

Kwa asiyewajua, Ustoa ni falsafa iliyoanza Athens, Ugiriki, karibu mwaka 300 KK. Mwanzilishi wake Zeno alikuwa mfanyabiashara kutoka kisiwa cha Kupro. Inasimuliwa kwamba meli yake ilizama, akajikuta Athens, akakaa kwenye duka la muuza vitabu ambaye alikuwa anasoma habari za Socrates, mwanafalsafa wa zamani wa Athens, zikamkolea mpaka akauliza, watu wa namna hii wanapatikana wapi? Bahati nzuri mwanafalsafa mmoja anaitwa Crates akawa anapita nje, muuza vitabu akamwambia mfuate yule. Akamfuata kweli. Mimi hii stori naipenda kwa sababu ya lile swali, hakuuliza nani atanisaidia wala nani ana koneksheni, aliuliza watu wa namna hii wako wapi, yaani alishajua ni tabia gani anaitafuta kabla hajaanza kumtafuta mtu. Wengi wetu tunaenda kinyume, tunampenda mtu kwanza halafu tabia zake tunakuja kuzikuta ndani.

Nilianzia kwa Seneca. Huyu alikuwa Mroma, tajiri, mwalimu na mshauri wa Kaisari Nero, na ni Nero huyo huyo aliyekuja kumwamuru ajiue mwaka 65 BK, kwa hiyo habari ya watu wa karibu alikuwa anaijua vizuri sana. Kuna barua zake 124 kwa rafiki yake Lucilius ambazo zipo mpaka leo, na kwenye ile ya 7 anasimulia alivyoenda uwanjani mchana akitegemea michezo ya kuchangamsha, akakuta watu wanauana tu hawana hata cha kujikingia, na watazamaji wanapiga kelele wanataka zaidi. Anasema alirudi nyumbani ana tamaa zaidi, mkatili zaidi, amepungua utu, na sababu ni kwamba alikuwa kati ya watu. Hawakumgusa, alikaa nao tu.

Nikachukua kipimo hicho hicho. Nikiachana na mtu, au nikiweka simu chini baada ya kuchati naye, narudi nikiwaje? Sikutaka kuangalia kama ni mcheshi au ana hela au tumetoka naye mbali, hayo nayajua tayari, nilikuwa naangalia mimi nabaki vipi. Nilifungua ukurasa kwenye simu naandika jina na neno moja au mawili, wivu, nimetulia, hasira, hamu ya kazi, nimechoka, basi naendelea na mambo yangu. Siku za mwanzo unaona kama upuuzi ila ukiacha wiki zipite halafu ukarudi kusoma, mtu yule yule ana neno lile lile mbele yake karibu kila mara, hapo huwezi tena kujidanganya kwamba ni uchovu wa siku ile.

Majibu yenyewe sikuyategemea. Kuna jamaa amefanikiwa kweli kweli, ukimuuliza yeyote atakwambia huyu ndo wa kukaa naye, lakini kila nikitoka kwake nilikuwa napiga hesabu za watu wengine, nani kanunua nini, nani kapanda cheo, nani kaoa wapi, na kazi yangu mwenyewe naiona haina maana. Halafu kuna mtu mwingine kazini, mpole, hana makuu, hata sherehe za ofisi haonekani, huyu nikiongea naye dakika chache tu narudi mezani nafungua ile faili niliyokuwa naikwepa tangu asubuhi. Na hajawahi kunipa motivesheni yoyote jamani, hata maneno yake ni machache. Epictetus, ambaye alikuwa mtumwa akaja kuachiwa huru akawa mwalimu, alisema kaa lililozimika ukiliweka jirani na linalowaka, ama litazima lile ama lile litaliwasha, na akawaonya wanafunzi wake kwamba kama msimamo wako bado haujakomaa uwe makini unakaa na nani kwa sababu wewe ndo utakayezimwa. Nikajua kwa yule jamaa wa kwanza bado mimi ndo nazimwa.

Sasa hapa ndo penye utamu. Marcus Aurelius, Kaisari wa Roma kuanzia 161 hadi 180, aliandika maandishi ya kujisemesha mwenyewe na sehemu yote ya kwanza ni orodha ya watu. Ina vipengele 17, cha mwisho ni shukrani kwa miungu, hivyo vingine vyote ni watu, babu yake, mama yake, walimu, marafiki, baba aliyemlea, na kila mmoja ameandikiwa alichojifunza kwake. Na usidhani ni mambo makubwa makubwa. Kuna mwalimu wa lugha, Alexander, anamshukuru kwa kumfundisha kutomrukia mtu aliyekosea kuongea, badala yake ulitumie neno sahihi kiustaarabu wakati unamjibu. Kuna Alexander mwingine, huyo alimfundisha kutopenda kuwaambia watu kila saa kwamba niko bize (Kaisari huyo, na ufalme wote mabegani, sisi je!). Rusticus, mwalimu wake mwingine, alimfundisha kusoma kwa makini asiridhike na kuelewa juu juu, na ndo aliyempa nakala yake ya mafundisho ya Epictetus, kwa hiyo Kaisari akawa anafundishwa maisha na mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Ukiliona hilo unaacha kuwapanga watu kwa vyeo.

Nikaandika ya kwangu. Sheria niliyojiwekea ni moja, siandiki sifa ya jumla kama mtu mzuri au mchapakazi, naandika kitu nilichomwona akifanya kwa macho yangu. Ukijaribu utaona inavyobana, kuna watu nawapenda sana nikakaa na simu mkononi sina cha kuandika, na kuna watu sikuwahi kuwafikiria kabisa wakajaza ukurasa.

Mfano yule mpole wa kazini. Tulikuwa tumekaa kama watano hivi baada ya kikao, mmoja akaanza kumchambua mwenzetu ambaye hakuwepo, unajua yale mazungumzo yanavyonoga, kila mtu anachangia kidogo. Huyu mtu hakukasirika wala hakuhubiri, alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tumsubiri aje atueleze mwenyewe," halafu akauliza ile ripoti ya wiki imefikia wapi. Stori ikafa pale pale. Hakuna aliyeona aibu, hakuna aliyegombezwa. Hiyo niliiandika kama ilivyo, na toka siku hiyo nikaanza kutafuta sababu za kukaa karibu naye, nikaomba tufanye naye kazi moja iliyokuwa inahitaji watu wawili. Seneca kwenye barua ya 6 anasema Cleanthes asingefanana na Zeno kama angekuwa anasikiliza tu mihadhara yake, aliishi naye, aliona na yale ya faragha. Huyo Cleanthes alikuwa maskini kiasi kwamba usiku anachota maji bustanini kwa malipo ili mchana aweze kusoma, na Zeno alipofariki ndo aliyeshika nafasi yake. Kwa hiyo mimi siombi mtu awe mentor wangu, neno lenyewe linawatisha watu, naomba tufanye kitu pamoja basi.

Wa pili ni rafiki yangu wa siku nyingi. Nilimpa barua yangu ya maombi ya kazi aipitie, nilitegemea aniambie iko poa, akairudisha na sentensi moja chini, "Umeandika sifa zako, kazi uliyofanya sijaiona." Iliuma asikwambie mtu. Nikaiandika upya yote. Niliposoma barua ya 3 ya Seneca, pale anaposema fikiria kwa muda mrefu kama umpokee mtu kuwa rafiki lakini ukishaamua mpokee kwa moyo wote na uongee naye kama unavyoongea na nafsi yako, huyu ndo alinijia kichwani, na ni mmoja wa wachache sana ambao siku hizi nikiwa na jambo zito nalitoa lote, sibakizi.

Waliokufa nao nimewaweka kwenye orodha, ila sitakaa sana hapo. Seneca anashauri uchague mtu mmoja mwema uwe unamweka mbele ya macho kana kwamba anakuona, yeye anamtaja Cato, mwanasiasa wa Roma, na kama Cato unamwona mkali mno anasema basi mchukue Laelius, Mroma mwingine, ni mpole kidogo. Wazo lenyewe anakiri kalitoa kwa Epicurus, ambaye ni wa shule pinzani, nacho ni kitu cha kuiga hicho. Kwangu inafanya kazi zaidi usiku nikiwa nimeshaandika meseji ya hasira na kidole kiko kwenye kutuma. Nyingi zimefia pale.

Swali ninaloulizwa sana ni hao wengine nimewapeleka wapi. Sijamblock mtu. Marcus anasema ukiamka asubuhi jiambie kabisa leo nitakutana na wambea, wasio na shukrani, wenye kiburi, waongo, wenye wivu, halafu hapo hapo anaongeza kwamba hao ni ndugu zako na mmezaliwa mfanye kazi pamoja. Sasa mtu aliyesoma hapo akakwambia Ustoa ni kukata watu, sijui alisoma ukurasa upi. Lakini Epictetus naye hapepesi macho, anasema chagua, ama uendelee kupendwa na wale wa zamani kama walivyokupenda na ubaki ulivyokuwa, ama uwe bora na usipate tena yale uliyokuwa unayapata kwao, vyote viwili haviwezekani. Hiyo bei nimeilipa. Kuna kundi la simu nilikuwa mchangamfu sana humo, nikapunguza kuchangia umbea, na taratibu utani ukahamia kwangu, oh siku hizi umekuwa mchungaji, oh mwanafalsafa, halafu mialiko ikapungua. Inauma kidogo, nisiseme uongo.

Kuna sehemu moja natofautiana na Seneca lakini. Anasema mtu wa kulalamikia kila kitu mwepuke hata kama ni mwaminifu na anakutakia mema, kwa sababu anaondoa utulivu wako. Mimi nina rafiki wa aina hiyo kabisa, neno lake kwenye ukurasa wangu lilikuwa nimechoka, nimechoka, nimechoka, na ni mtu ambaye nikiugua yuko mlangoni kabla sijamaliza kumpigia. Nilichofanya ni kubadilisha taimu na mazingira, simu za usiku sikuhizi nazifupisha, badala yake tunatembea asubuhi au namwita anisaidie kurekebisha kitu, maana mikono ikiwa na kazi halalamiki, anakuwa mtu mwingine kabisa, fundi, mcheshi, mvumilivu. Kumbe yule niliyekuwa namkwepa alikuwa ni mtu wa saa nne usiku. Na Seneca mwenyewe pale pale anakubali usidai mwenye hekima kamili maana utampata wapi, mchukue yule mwenye ubaya kidogo, kwa hiyo nadhani hatujapishana sana.

Kitu cha mwisho kilichonibadilisha ni barua ya 9. Sisi tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wengi tunachuja watu kwa kipimo hicho, nikianguka nani atakuja. Seneca anakigeuza, anasema unatafuta rafiki ili wewe upate mtu wa kwenda kumkalia pembeni ya kitanda akiugua, sio ili yeye aje akukalie wewe, kwa sababu urafiki wa kutafuta faida unaisha faida ikiisha. Nikaipitia orodha yangu upya na swali hilo, katika hawa wote mimi namfaa nani? Majina mawili nilikuwa nawafuata kama shabiki tu, nachota, sijawahi hata kuwauliza wanapitia nini. Mmoja nilipomuuliza akaniambia ana mtihani wa kazini anauogopa na hajui aanzie wapi kusoma, na ni mada ambayo mimi naifanya kila siku. Sasa hivi tunakaa Jumamosi naye, namuelekeza, na katika kumuelekeza nimegundua vitu viwili vitatu nilikuwa navifanya kwa mazoea tu bila kuvielewa. Jina lake kwenye ukurasa limehama, nilikuwa nimeliweka chini ya wale wa kujifunza kwao na siku hizi sijui niliweke upande gani.