Seva isiyo na kazi

Jumamosi ile usiku niliizima kwa mkono wangu. Seva kuukuu, vumbi tele, feni inakoroma. Kwenye daftari letu la vifaa iliandikwa "mafaili ya zamani, haina kazi". Aliyeandika ni mimi.

Jumatatu saa moja asubuhi mzee wa stoo akanipigia. Hakuwa na hasira, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. "Mwanangu, shuka huku. Magari yamekwama getini."

Malori manne yameshapakiwa saruji na mabati, printa haitoi kibali cha kutokea. Kibali hutolewa na programu ya stoo. Programu ya stoo kila alfajiri huchota orodha ya bei. Na orodha ya bei ilikaa kwenye folda moja ndani ya ile seva yangu isiyo na kazi. Fundi aliyeziunganisha hivyo aliacha kazi kabla sijaajiriwa.

Niliiwasha, na saa mbili na nusu malori yakaanza kutoka. Bosi hakunifokea. Aliuliza tu, "Kabla ya kuizima ulimuuliza nani?" Nikamjibu: watu wa IT. Idara nzima tuko wawili, na mwenzangu alikuwa likizo.

Kwa hiyo wiki hii naichora upya ramani ya mifumo yetu, mishale ikionyesha kipi kinategemea kipi, na safari hii naanzia stoo badala ya chumba cha seva. Nimebandika manila ukutani, naifuata oda moja tangu mteja anapopiga simu hadi lori linapovuka geti. Kila nikifika kwa mtu namuuliza: hiki kisipokuwepo, unafanyaje? Zamani nilikuwa nauliza "unatumia mfumo gani?" na majibu yalikuwa "ile kompyuta ya dirishani".

Mhasibu kaniambia mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ina laini yake ya simu, kwa hiyo intaneti ya ofisi ikikatika risiti zinaendelea kutoka. Miaka yote hii nilikuwa sijui. Dada wa mauzo naye: nusu ya oda humfikia kwa WhatsApp, kwenye simu yake mwenyewe. Je, akienda likizo? Akacheka. "Si naenda nayo!"

Mshale ulionichelewesha ni wa intaneti. Tunalipia kampuni mbili tofauti, tukijivunia kwamba moja ikianguka nyingine ipo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, laini zetu zote mbili zililala siku moja. Daftari langu linahesabu intaneti mbili. Kwenye manila mishale yote miwili inazama kwenye bahari ileile, nami nimeipaka kalamu nyekundu. Bosi bado hajaiona, na anayesaini malipo ya hiyo laini ya pili ni yeye.

Jumamosi hii tunahamisha programu ya mishahara kwenda seva mpya. Leo jioni nimemwita mzee wa stoo aitazame ramani. Akavaa miwani, akaifuata kwa kidole, polepole.

"Umesahau mizani ya misumari."

"Mizani, mzee? Inahusiana na nini?"

"Hata sijui, mwanangu. Ila kila mkizima umeme wa chumba chenu, inasoma sifuri."

Kesho nashuka na tochi.