Shokapu kwanza, springi baadaye: kuandaa gari la autokrosi

Wengi wanaoanza autokrosi, mashindano ya kupita kati ya koni gari moja moja kwa kupimwa muda, hununua springi fupi na ngumu kabla ya kitu kingine chochote, kisha wanazifunga na shokapu za kiwandani. Gari linashuka, linapendeza macho, na muda kwenye koni unakuwa mbaya zaidi. Sababu ni kwamba springi hutunza nishati tu, haiipotezi. Kazi ya kuidhibiti ni ya shokapu, na ile ya kiwandani ilipimwa kwa springi laini. Springi ikiwa na ugumu mara mbili, shokapu inahitaji nguvu ya kuzuia takriban mara 1.4 ili mambo yabaki kama yalivyokuwa. Isipopata, bodi inaendelea kupanda na kushuka baada ya kila kona, na kwenye zigizaga ya koni kona inayofuata inakukuta gari bado halijatulia kutoka ile iliyopita.

Kwa hiyo kama fedha inatosha kitu kimoja, nunua shokapu nzuri na ubaki na springi za kiwandani. Autokrosi ni mchezo wa kugeuza uzito kushoto na kulia haraka, na mabadiliko hayo ndiyo shokapu inayatawala. Kabla ya kununua, soma kanuni za daraja lako. Katika SCCA, klabu ya magari ya michezo ya Marekani, kwa mfano, daraja la Street huruhusu kubadili shokapu lakini springi lazima zibaki za kiwandani. Springi zinaruhusiwa kubadilishwa kuanzia daraja la Street Touring.

Kanuni zikikuruhusu springi, usichague kwa kusikia kwamba fulani anatumia "kilo nane", yaani kilo nane kwa kila milimita ya kubonyea. Ugumu huo hauna maana bila uzito wa gari na jiometria yake. Kinachofaa kulinganishwa ni kasi ya bodi kucheza juu ya springi, inayopimwa kwa hezi, yaani mara ngapi kwa sekunde. Magari ya kawaida ya barabarani huwa kati ya hezi 1 na 1.5. Gari la autokrosi lenye matairi ya barabarani, kwenye lami yenye mabonde kidogo, hufanya kazi vizuri karibu na 2.

Tuchukue pembe moja ya gari, yaani sehemu ya tairi moja, yenye kilo 320 kwenye mizani. Toa kilo 40 za tairi, rimu, breki na habu, kwa kuwa hizo hazibebwi na springi. Zinabaki 280. Zidisha hezi 2 kwa 6.28, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha kwa kilo 280: unapata karibu nyutoni 44,000 kwa mita, yaani 44 kwa milimita. Huo ni ugumu unaotakiwa kwenye tairi, bado si wa springi.

Sasa pima uwiano wa mwendo, yaani shokapu inasogea kiasi gani tairi likisogea. Toa springi, inua tairi kwa jeki milimita 20, na upime shokapu imefupika kiasi gani. Ikifupika 19, uwiano ni 0.95, kama ilivyo kawaida kwa mguu wa MacPherson, ambapo shokapu na springi ni mguu mmoja uliofungwa kwenye habu. Ikifupika 14 ni 0.7, jambo la kawaida kwenye mfumo wa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, inayoshika habu. Gawa 44 kwa uwiano uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa MacPherson unahitaji springi ya nyutoni 49 kwa milimita, yaani kilo 5 kwa milimita au paundi 280 kwa inchi. Kwa ile ya 0.7 unahitaji 90, zaidi ya kilo 9. Uzito ni uleule na hezi ni zilezile, ila springi moja karibu mara mbili ya nyingine! Na kama springi imekaa mbali na shokapu juu ya mkono, kila moja ina uwiano wake. Zipime zote mbili.

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hupenda nyuma pagumu zaidi ili lizunguke. Linalosukumwa na ya nyuma lenye difu ya kawaida isiyojifunga, usizidishe ugumu wa nyuma, kwani tairi la ndani litazunguka bure ukikanyaga mafuta wakati wa kutoka kwenye kona.

Kushusha gari kuna kikomo ambacho wengi hawakioni. Acha angalau milimita 50 za kubonyea kabla shokapu haijagusa raba ya kizuizi. Ikigusa katikati ya kona, ugumu unaruka ghafla na tairi linateleza bila onyo. Mguu wa MacPherson ukishushwa sana, mkono wa chini unainamia juu kuelekea tairi, na gari linaweza kulala zaidi ingawa liko chini. Funga kamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, isukume hadi chini kabisa, kisha endesha raundi moja. Itakuonyesha shokapu ilibonyea hadi wapi.

Unapochagua shokapu yenyewe, omba grafu ya mashine ya kupimia, ya kushoto na ya kulia. Tazama eneo la kasi ndogo, chini ya milimita 75 kwa sekunde, maana hapo ndipo kulala na kuinama kwa bodi kunapodhibitiwa. Kwa ile pembe yetu ya MacPherson, nguvu ya kuzuia ya nyutoni 250, ikiwa wastani wa kubonyea na kurudi (kunyooka tena), kwenye milimita 50 kwa sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia. Shokapu nyingi za bei ya chini zina kliki 30 (hatua za kirekebishi) ambazo 20 kati yake hazibadilishi kitu, au kirekebishi kimoja kinachokaza kubonyea na kurudi kwa pamoja. Afadhali kirekebishi kimoja kinachogusa kurudi peke yake, kama shokapu ya Sport ya kampuni ya Koni, kuliko viwili visivyoaminika.

Wakati wa kufunga, shika fimbo kwa ufunguo wake na ukaze nati ya juu kwa spana ya mkono. Spana ya upepo inazungusha fimbo na kuharibu sili. Boliti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa kwenye stendi, mpira unabaki umejikunja, unafanya kazi kama springi ya ziada na unachanika mapema. Rudisha paipu ya breki na waya wa ABS kwenye vishikio vyake, kisha nenda kwenye alaimenti.

Marekebisho yaanze na presha ya tairi, ndipo kliki, mbili kwa mara moja, mbele au nyuma tu. Mkia ukikimbia pale unapogeuza usukani kutoka kushoto kwenda kulia, legeza kurudi kwa shokapu za nyuma. Pua ikikataa wakati huohuo, legeza mbele. Lakini hitilafu ikitokea katikati ya kona ndefu, usukani umetulia, acha kliki: hilo ni suala la springi, stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala) au presha. Tairi likirukaruka kwenye lami mbovu, au gari likionekana kuzama kidogo zaidi kila baada ya koni, umekaza kurudi kupita kiasi na shokapu haipati muda wa kunyooka. Andika kila badiliko, ukihesabu kliki kuanzia mwisho wa kukaza, kwa upole, bila kulazimisha sindano ya vali ya ndani.