Mwana Mwenye Ulemavu wa Akili Akishatimiza Miaka 18

Nchini Kenya, mtu akishatimiza miaka 18 sheria humhesabu kuwa mtu mzima, na mama yake hana tena idhini ya kutia sahihi kwa niaba yake, hata kama ndiye anayemsaidia kuvaa na kuhesabu chenji. Binti yetu ana usonji pamoja na ulemavu wa akili. Marehemu babu yake alimwachia kipande cha shamba, nasi tulipokwenda benki kumfungulia akaunti ya kuwekea fedha za kukodisha shamba hilo, tuliambiwa tulete amri ya mahakama. Jamaa wote wakatushauri tuombe ulezi kamili, yaani mamlaka ya kumwamulia kila jambo, kana kwamba ulezi ni stakabadhi ya kawaida tu.

Kwa kweli njia ni zaidi ya moja. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, inaruhusu mahakama kurefusha wajibu wa wazazi, yaani majukumu na mamlaka yao juu ya mtoto, kupita miaka 18 pakiwa na hali maalumu inayohusu ustawi wa mtoto, na busara ni kuanza mapema, kabla siku ya kuzaliwa haijafika. Njia ya pili, iliyozoeleka zaidi kwa mawakili, ni Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, ambayo chini yake mahakama humteua jamaa wa karibu au mtu mwingine anayefaa awe mlezi wa mhusika na msimamizi wa mali yake. Hapo huhitajika ripoti ya daktari na hati za kiapo, na msimamizi hapati uhuru wa kuuza ardhi apendavyo, kwa kuwa lazima arudi mahakamani kuomba idhini. (Sharti hilo huwaudhi wengi, mimi nalishukuru, maana nawafahamu ndugu zangu.)

Kinachonitatiza ni kwamba sheria hiyo ya pili ilitungwa hasa kwa ajili ya wagonjwa wa akili, ilhali binti yangu si mgonjwa wala hatarajiwi kupona chochote. Amezaliwa hivyo, anajifunza polepole, na yapo mambo anayoyaamua vizuri kuliko mimi. Tangu 2008 Kenya imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 12 inamtambua mtu kama yeye kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kuitaka serikali impatie msaada wa kuutumia uwezo huo. Mzazi anayeomba mamlaka juu ya kila kitu, kuanzia matibabu hadi mahali pa kuishi, anaomba mwanawe arudishwe utotoni maisha yake yote, hata kama nia yake ni njema.

Kwa hiyo tulimwomba wakili aandike ombi linalohusu shamba na akaunti ya benki peke yake. Tumependekeza pia kaka yake ateuliwe pamoja nami, kwa sababu umri wangu umesonga na nisingependa kesi ianze upya nikiwa kaburini. Fedha za shanga anazotunga na kuuza hazikutajwa popote katika ombi hilo. Hizo anazishika mwenyewe, na mara nyingi huzimaliza kwa kununua soda.