Chumvi ya Wenye Presha Ilivyonipandishia Potasiamu

Nina miaka minne nikimeza losartani kwa ajili ya presha. Nilipoambiwa nipunguze chumvi, nikaacha kabisa ile ya kawaida na kununua nyingine iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina sodiamu. Nilikuwa nainyunyizia chakula bila kujibana. Baadaye goti likaanza kuniuma, nikajinunulia diklofenaki na kuimeza kwa wiki tatu.

Siku ya kipimo cha kawaida cha figo sikuwa naumwa kitu. Jioni ile ile daktari akanipigia: potasiamu yako ni 5.9, njoo sasa hivi. Kiwango cha kawaida cha madini haya kwenye damu ni kati ya 3.5 na 5.0 hivi. Nilipofika walinitoa damu upya, kwani chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kutoa damu humwaga potasiamu yake na kudanganya kipimo. Wakanipima na umeme wa moyo, maana potasiamu ikizidi sana inaweza kuvuruga mapigo hata kuusimamisha moyo. Moyo ulikuwa sawa. Damu ya pili ikasoma 5.8.

“Unatumia dawa gani?” Nikamtajia losartani na diklofenaki. Akauliza tena, “Na kitu kingine chochote unachotia mdomoni?” Hapo ndipo nikaikumbuka chumvi. Nikampigia mke wangu anisomee kopo. Alihangaika na maandishi madogo ya nyuma, kisha akasoma taratibu: po-ta-si-amu klo-rai-di. Robo kijiko cha chai cha chumvi ya aina hiyo inaweza kubeba zaidi ya miligramu 600 za potasiamu, na mimi sikuwahi kupima.

Daktari alinieleza hivi. Figo ndizo zinazotoa potasiamu iliyozidi, na homoni ya aldosteroni ndiyo inayozihimiza. Losartani hupunguza homoni hiyo. Diklofenaki nayo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kwa hiyo nilikuwa nimeziba mfereji huku nikifungulia bomba.

Chumvi na diklofenaki niliziacha siku hiyo hiyo. Losartani alinipunguzia dozi kwa muda, akanikataza kabisa kuiacha kwa uamuzi wangu. Goti nikalitibu kwa parasetamoli na mazoezi. Baada ya wiki moja kipimo kilisoma 4.7, na baadaye nikarudishiwa dozi yangu.

Dada yangu aliposikia habari hii aliogopa, akataka kutupa vidonge vyake vya potasiamu. Nilimsihi, “Dada, usiguse kitu, muulize daktari wako kwanza.” Yeye anatumia furosemaidi, ambayo hufanya kinyume: huitoa potasiamu kwa mkojo. Tena anatumia digoksini ya moyo, na potasiamu ikishuka digoksini hugeuka sumu kwa urahisi zaidi. Alipokwenda, walimpima na magnesiamu pia, kwa sababu magnesiamu ikipungua, potasiamu haipandi vizuri hata umeze vidonge vingapi. Kilichokuwa hatari kwangu kwake ni tiba, na jambo hili bado linanigusa kila nikilifikiria.

Siku hizi nina picha kwenye simu: kila dawa, kila kirutubisho, na nyuma ya kila kopo. Mwezi uliopita nilipata maambukizi ya njia ya mkojo nikaandikiwa kotrimoksazoli. Dirishani nikamwonyesha mfamasia zile picha. Akaangalia losartani, akaangalia karatasi, akaweka kidole kwenye jina la dawa mpya. Akasema ndani yake mna trimethoprimu, nayo huzuia figo kutoa potasiamu. Akampigia daktari nikiwa nimesimama pale pale, nikabadilishiwa.