Kanga, choki na karatasi ya kaki

Msimu wa vibali vya kuwinda ukikaribia, simu yangu hailali. Mtu atajulia hali, ataulizia watoto na mvua, kisha aingie kwenye shida yake: "Mzee, kwa kanga nichukue risasi namba ngapi?" Namuuliza mtutu wake una choki gani, na kanga wa kwake huruka wakiwa umbali gani. Hapo kimya. Namba anaitaka, ila bunduki yake mwenyewe hajaijua.

Choki ni ule mbano wa mdomoni mwa mtutu, unaokusanya gololi, yaani zile punje za ndani ya risasi, zisitawanyike mno. Shotigani namba 12 ina mtutu wenye kipenyo cha kama milimita 18.5. Choki kamili hupunguza milimita moja hivi, nusu choki nusu milimita, robo choki robo milimita. Kipimo chake ni duara la sentimita 76, likipigwa kutoka yadi 40, yaani mita 36 na ushee. Mtutu usio na choki huingiza humo asilimia 40 hivi ya gololi, robo choki 50, nusu choki 60, choki kamili 70.

Angalia alama vizuri. Kwenye bunduki nyingi za Kiitaliano na Kituruki, nyota moja ndiyo choki kamili, na nyota nne ni robo choki. Watu wanazisoma kama nyota za hoteli, kwamba zikiwa nyingi ndiyo kali zaidi. Ni kinyume chake.

Yangu ni ya mitutu miwili sambamba, ilikuwa ya baba mkwe, na leseni yake imekwisha kuandikwa kwa jina langu. Mtutu wa kulia ni robo choki, wa kushoto nusu. Aliyeitengeneza aliwajua ndege. Kanga hapendi kuruka, hupenda kukimbia. Unawafuata kwenye shamba la mahindi lililovunwa, wao wanakata mbio kwenye matuta, vichwa chini, mpaka wafike ukingo wa kichaka. Hapo wanalipuka wote kwa kelele. Wa karibu yuko mita 20 au 25, na huyo ni wa mtutu wa kulia. Ukigeukia wa pili, keshafika mita 35, na wa kushoto unamsubiri. Mwenye choki kamili akimpiga yule wa mita 20, gololi karibu zote zinapita kwenye duara la sentimita 40 hivi. Ama anakosa kabisa, ama anaokota manyoya na mifupa.

Tena chagua ndege mmoja. Anayepiga katikati ya kundi huacha majeruhi kichakani, na kanga aliyevunjika bawa hukimbia kukushinda.

Sasa risasi. Namba za gololi hazifanani kila nchi: namba 6 ya Kiingereza ni kama milimita 2.6, ya Kimarekani ni 2.8. Kwa hiyo soma milimita kwenye boksi. Risasi yenye gramu 32 za gololi za 2.6 hubeba karibu 300. Ukienda kwenye 3.1 zinashuka chini ya 200. Gololi kubwa huingia ndani zaidi, ila chache zikitawanyika huacha mapengo ambayo ndege anapita. Kwa kanga natia 2.6 kulia na 2.8 kushoto. Kwale na firigogo nawapiga kwa 2.4, gramu 28, zinatosha sana.

Muuzaji atakusukumia boksi la risasi zenye mwendo mkubwa: "Chukua hizi mzee, hizi kali." Usimbishie, nunua moja ya kujaribia. Mimi hubandika karatasi ya kaki kwenye boksi la friji, nyuma yake kuna kichuguu kirefu, napima mita 36 kwa kamba ya fundi. Napiga moja, naenda kutafuta palipojaa matundu zaidi, napigilia msumari hapo na kuzungusha uzi wa sentimita 38. Kila tundu nalitia kalamu nyekundu, la sivyo utahesabu mara mbili. Risasi tatu za aina moja kabla ya kusema lolote.

Zile kali ziliacha pengo katikati ambalo kwale angepita bila kuguswa. Gololi za madini laini ya risasi zikisukumwa kwa nguvu hubonyea, na iliyobonyea hairuki sawa. Za mwendo wa kawaida, ambazo gololi zake zimechanganywa na madini ya antimoni zikawa ngumu, na zikalala kwenye kifuko cha plastiki, zilijaza duara vizuri kwa mtutu uleule. Kwangu hiyo ilikuwa sawa na kupanda daraja moja la choki bila kugusa bunduki.

Urefu nao usome. Risasi ya milimita 76 inaingia bila shida kwenye chemba ya 70, yaani pale mtutu unapopokea risasi, lakini ganda likifunguka halina nafasi na shinikizo linapanda vibaya. Kwa bata wa bwawani ni habari nyingine: madini ya risasi yakizama matopeni ndege huyala, ndiyo maana Marekani waliyakataza kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Gololi za chuma hazibonyei, hivyo zinataka choki iliyo wazi, na mtutu wa kizee kama wangu haufai kuzipiga kabisa.

Mpwa wangu ana ya choki za kufungua, na anataka kamili kila siku. Nimemwambia afunge robo, atie grisi kidogo kwenye nyuzi za kufungia, zile kama za skrubu, akaze kwa ufunguo wake, na asipige kamwe bila choki ndani, maana nyuzi zikiharibika mtutu umekwisha.