Kopo la biskuti na hati iliyokuwa "imepotea"

Baba alipofariki mwaka 2021 alituachia nyumba ya South C, Nairobi, deni dogo kwenye bucha na kopo la biskuti lililojaa risiti. Mama hakulifungua kopo lile mpaka eda ilipokwisha. Siku tulipolimwaga mezani tulikuta risiti za kodi ya ardhi za tangu 1988, zimefungwa raba mwaka kwa mwaka. Nyingi zilikuwa bado na kichwa cha lile baraza la jiji lililoondoka kaunti zilipoanza mwaka 2013. Ami yangu alizipima uzito mkononi akatabasamu.

"Mwanangu, mtu ana risiti za miaka thelathini na tatu. Nani atamwambia nyumba si yake?"

Hati miliki yenyewe haikuwemo. Tulichopata ni kopi ya ukurasa wake wa kwanza tu, imefifia kiasi kwamba ilibidi niiweke dirishani ndipo nisome namba. Mama alikumbuka kwamba walihama chumba mwaka wa mvua kubwa, maji yakaingia kabatini. Basi tukakubaliana nyumbani kwamba hati imepotea, tena kwa mafuriko, na kila aliyekuja kutupa pole alirudi na habari hiyo.

Ndivyo ilivyomfikia broka mmoja wa mtaani. Akanipigia simu bila mimi kumtafuta. "Dada, hiyo kazi ndogo. Unachukua abstrakti polisi, ile karatasi ya kupotelewa, unaapa kwa wakili kwamba hati imepotea, tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la serikali, zikiisha siku 60 unapewa hati mpya." Bei yake shilingi elfu themanini, nusu mbele. Utaratibu aliousema si wa uongo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inauruhusu, pamoja na hizo siku 60. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta hizo elfu arobaini za kwanza.

Aliyenisimamisha ni jirani yetu, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai yake, akauliza, "Binti, umeshamwuliza msajili wa ardhi?" Nikamwambia la. "Sasa utaapa nini?"

Asubuhi iliyofuata nilienda City Hall, kwenye ofisi za kaunti, kwa sababu risiti ndizo nilizokuwa nazo na nilidhani ndiko ardhi iliko. Karani aliandika namba ya ploti, ile inayoanza na 209 na mkwaju (/), akanichapishia taarifa ya akaunti. Deni lilikuwa dogo, la mwaka mmoja tu. Lakini jina juu ya karatasi halikuwa la baba. Lilikuwa la mzee aliyemwuzia nyumba mwaka 1988. Miaka yote ile baba alikuwa akilipa akaunti ya mtu mwingine! Nilipozitazama tena risiti za kopo, jina hilo lilikuwepo kwenye kila moja. Hakuna kati yetu aliyewahi kusoma zaidi ya tarehe na kiasi.

Nilishikwa na baridi. Karani, mama wa makamo, aliona uso wangu. "Usiogope, mama. Hapa tunaandika nani analipa. Nani mwenyewe, hilo uliza Ardhi House, kwenye wizara ya ardhi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Kaunti hutoza kodi kwa thamani ya kiwanja kitupu, nyumba iliyo juu yake haiihusu, na inachotaka ni mlipaji. Mnunuzi asipopeleka karatasi zake kubadilisha jina, bili itaendelea kutoka kwa jina la zamani na pesa zitaendelea kupokewa. Kwa hiyo hata mpangaji, ama mvamizi mwenye adabu, anaweza kukusanya risiti za miaka thelathini. Kopo zima la risiti halikuthibitisha lolote ila kwamba baba alikuwa mtu wa kulipa madeni.

Kazi kubwa ya risiti zile ikawa kunipa namba, na namba nayo ilinisumbua. Nilifungua akaunti kwenye Ardhisasa, mfumo wa wizara uliozinduliwa Aprili 2021, kwa namba ya kitambulisho na simu yangu. Nikaingiza ile ya 209. Hakuna kitu. Nikaingiza tena bila mkwaju, kisha na nafasi katikati, kama mtu anayejaribu funguo za kufuli lisilo lake. Kosa lilikuwa langu. Ardhi ya Nairobi ilisajiliwa kwa miaka mingi chini ya sheria kadhaa tofauti, kila moja na namna yake ya kuhesabu viwanja. Sheria ya 2012 ilipoziunganisha, zile namba za zamani zikaanza kubadilishwa kuwa za bloku. Orodha zinachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, namba ya kale upande mmoja na mpya upande wa pili, na nyingi za Nairobi zilitoka mwishoni mwa 2020. Baba alikuwa bado hai, lakini nani anasoma Gazeti Rasmi?

Mimi sasa nalisoma. Matoleo yake yapo bure mtandaoni kwenye tovuti ya Kenya Law, hata ya zamani sana. Usiku mmoja nilikaa na chai nikatafuta namba yetu ya zamani kote. Kwanza niliipata kwenye orodha, mkabala na namba mpya ya bloku. Pili, na hili ndilo lililonipa usingizi, sikuikuta kwenye tangazo lolote la hati iliyopotea. Wezi wa ardhi hupenda mlango uleule alionionyesha broka: mtu anaapa hati imepotea, siku 60 zinapita kimya, mwenye nyumba yuko Mombasa harusini.

Nikiwa na namba zote mbili, na ile ya I.R., namba ya hati yenyewe, niliyoisoma dirishani, niliomba sachi. Sheria inamruhusu mtu yeyote anayetaka kujua habari za kiwanja aombe utafutaji rasmi, si lazima uwe mwenyewe wala mrithi. Nililipa shilingi 500 na ziada ndogo. Wakili wetu alinisaidia kupata pia kopi iliyothibitishwa ya hati kutoka kwenye daftari la usajili, na hiyo ndiyo karatasi ninayotaka kila mtu aione angalau mara moja maishani.

Mbele ni maelezo ya mkataba: ardhi ni ya serikali, imekodishwa kwa miaka 99 tangu 1979, ukubwa hekta 0.0372, pango la mwaka shilingi kadhaa. Nyuma ndiko kwenye hadithi. Kuna maandiko yaliyopewa namba, kila moja na tarehe, saa na saini ya msajili, kama daftari la duka ambalo halifutwi. La kwanza, mzee wa kwenye bili anaandikishwa. La pili, Oktoba 1988, anamhamishia baba. Nililiona jina la baba, majina yake matatu yote, limepigwa taipu na herufi moja imeruka juu kidogo ya mstari. Nikamsomea Mama kwa simu pale pale nje ya ofisi ya wakili, akanyamaza muda mrefu.

Kisha la tatu: rehani, 1994, kwa benki fulani ambayo jina lake nalihifadhi. Halafu hakuna kitu, karatasi nyeupe mpaka chini.

Baba alikopa kwa ajili ya karo zetu. Hilo tulilijua. Alimaliza kulipa mwaka 2001, nalo tulilijua, maana alichinja mbuzi. Tusilolijua ni kwamba benki ikikukopesha kwa dhamana ya nyumba huchukua hati na kukaa nayo, na kwamba deni likiisha lazima hati ya kufuta rehani iandikwe na isajiliwe. Lisipoongezwa andiko la nne, kwa macho ya daftari deni bado lipo. Hati yetu haikuguswa na mafuriko yoyote. Ilikuwa ndani ya stoo ya benki miaka ishirini na minane, na mimi nilibakisha siku mbili niape mbele ya wakili kwamba imepotea. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na broka asingekwenda kortini nami.

Benki ilinisumbua. Tawi lile lilishafungwa, faili zilihamishwa, na kila niliyeongea naye alinipa namba ya mwingine. Kilichoniokoa kilikuwa kopo la biskuti. Chini kabisa, chini ya risiti zote, kulikuwa na barua ya 2001 ya kuthibitisha mkopo umelipwa, baba ameikunja mara nne. Niliitoa kopi sita. Ilichukua miezi saba, barua nne za wakili na chozi moja la hasira kwenye ngazi zao. Hati ilitoka ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, safi, haijawahi kuona maji.

Mengine yalikwenda kwa wepesi zaidi. Mirathi tuliipeleka Mahakama ya Kadhi kwa kuwa sote tulikubaliana, na Kadhi alipouliza hati tuliiweka mezani. Pango la serikali, ambalo ni tofauti kabisa na kodi ya kaunti, tulikuta halijalipwa tangu 2006. Baba alikuwa akilipa kila aliyemletea bili, na huyu hakuwa akileta. Unahitaji cheti cha kutodaiwa kutoka pande zote mbili ndipo uhamishe jina, kwa hiyo usimalize pesa zote City Hall.

Ruaraka nilienda mara moja tu, kwenye ofisi za upimaji kando ya Thika Road, kununua kopi ya ramani ya upimaji wa ploti zetu. Saveya wa leseni alikuja Jumamosi na kijana wa kushika fito, wakatafuta bikoni, yale mawe ya mpaka. Tatu zilipatikana haraka. Ya nne ilikuwa chini ya mwarobaini wa Mama, wakachimba kwa panga huku amesimama juu yao akiwaonya wasikate mizizi. Chuma kilipolia alisema, "Hilo jiwe nilijua lipo, nilikuwa nalikwepa nikimwagilia." Ukuta wa jirani umesimama unapostahili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikabaki na soda za kuwagawia.

Rehani ilifutwa, andiko la nne likaingia, na la tano likawa la Mama. Nilirudi City Hall na kopi zake, na bili ya mwaka uliofuata ikatoka kwa jina lake, baada ya yule mzee wa 1988 kutuazima jina lake miaka yote bila kujua.

Ijumaa iliyopita baada ya swala, ami alikuja nyumbani na mfuko wa plastiki. Aliuweka mezani taratibu, akaketi, akavua kofia. Risiti za nyumba yake ya Eastleigh, za tangu 1983, zimefungwa raba.

"Hebu niangalizie," akasema, "lile jina la juu pale ni la nani?"